Kabla ya Kuuita Marejea, Fungua Ua Lake

Hotuba kwa wakulima, maafisa ugani, walimu wa sayansi na wanafunzi, Songea

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, maafisa ugani, walimu wenzangu na ninyi wanafunzi mliokaa huko nyuma: wakubwa shikamooni, na wadogo habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuitambua mimea ya porini yenye maua, ile ya jamii ya mikunde. Jamii hiyo ni kubwa mno. Ina spishi zinazokaribia 20,000 duniani, na kwa wingi inazidiwa na jamii mbili tu za mimea itoayo maua, ile ya alizeti na ile ya okidi. Nikitaka kuizunguka yote tutakesha hapa. Nimechagua ukoo mmoja ndani yake, ukoo wa marejea, ambao wataalamu wanauita Crotalaria. Nimeuchagua kwa sababu unanitia wasiwasi. Humo humo ndani ya ukoo mmoja kuna mboga, kuna mbolea ya shamba, na kuna sumu inayoua ini, na nyingi kati ya hizo zina ua la manjano ambalo mtu akipita barabarani ataona ni lile lile.

Watu wa Ruvuma hawahitaji kufundishwa faida za marejea. Wabenediktini wa Peramiho, hasa Padre Gerold Rupper, waliupigia debe sana mmea huu miaka ya 1980, na mashamba mengi ya mkoa huu yaliyochoka yalipandwa marejea yakapata nguvu tena. Marejea wa Peramiho ni Crotalaria ochroleuca. Unakua wima, unaweza kumpita mtu kwa urefu, unafunika magugu, na ukifukiwa ukiwa bado mbichi unauachia udongo naitrojeni. Hayo mnayajua kuliko mimi. Ninachotaka tukitazame leo ni hiki: mtu akikuletea tawi na kusema "huu ni marejea, umeota wenyewe pale mtoni", utajuaje kama ni kweli?

Mwaka 1982 Roger Polhill, mtaalamu wa mimea wa bustani ya Kew huko Uingereza, aliorodhesha Crotalaria za Afrika na Madagaska, akapata zaidi ya spishi 500. Bara letu ndilo nyumbani kwa ukoo huu. Kwa hiyo anayesema "ni marejea" kwa kuona ua la manjano tu hajasema kitu bado.

Tuanze na ua, maana ndilo lenye ushahidi mwingi.

Chukua ua lililofunguka leo asubuhi. La jana huwa limeshaanza kujikunja. Petali moja kubwa iliyosimama nyuma inaitwa bendera. Ubavuni kuna petali mbili ndogo, mbawa. Chini zipo mbili nyingine zilizoshikana ukingoni zikafanya umbo la mtumbwi, na viungo vya uzazi vimefichwa ndani ya mtumbwi huo. Ua lenye bendera, mbawa na mtumbwi lipo kundi moja na maharage, kunde, karanga na choroko. Mwingajini, ule mmea unaonuka unaota kwenye viwanja vilivyoachwa, nao ni wa jamii ya mikunde na una ua la manjano, lakini petali zake tano zinakaribiana ukubwa na hazina mtumbwi. Ukiona hivyo, acha kuufikiria marejea mara moja.

Sasa ubonyeze mtumbwi ushuke. Wa maharage umejisokota. Wa Crotalaria umepinda kwa nguvu katikati, halafu mbele unachongoka na kuwa mdomo mrefu. Upasue kwa wembe, taratibu, ukifuata mgongo wake. Ndani utakuta stameni 10, yaani viungo vya kiume vya ua, vyenye chavua. Kwenye kunde na maharage, 9 zimeungana na 1 imejitenga peke yake upande wa juu. Kwenye Crotalaria zote 10 zimeungana chini zikawa ala moja, na ala hiyo imepasuka upande wa juu tu. Sasa tazama vichwa vyenye chavua, na hapa shikeni lensi: 5 ni virefu vyembamba, 5 ni vifupi vya mviringo, na vimepangwa kwa kupokezana, mrefu, mfupi, mrefu, mfupi. Katika magugu yote nitakayoyataja leo, hakuna mengine yenye mpangilio huo. Walimu, nawasihi muwaonyeshe watoto jambo hili. Haliwagharimu zaidi ya wembe na lensi ndogo, na mtoto akishaviona kwa macho yake vile vichwa vya aina mbili hatavisahau.

Baada ya ua, ganda. Ganda la Crotalaria limejaa hewa. Likiwa bichi ukilibonya linarudi. Likikauka mbegu zinabanduka kwenye ukuta, na ukilitikisa zinagonga ndani kwa sauti. Utupa, ambao wengine huponda majani yake na kuvulia samaki, una ganda bapa lenye manyoya laini. Mimea ya jamii ya mnili ina maganda membamba mithili ya njiti, na maua madogo ya rangi ya waridi au nyekundu. Desmodium ina ganda linalokatika vipande vipande, na kila kipande kinang'ang'ania suruali. Ndiyo ile wakulima wa sukuma-vuta huipanda katikati ya mahindi kuzuia kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi. Ukirudi kutoka porini, kagua nguo zako kabla ya kufua. Huenda umebeba jibu bila kujua.

Majani yanataka uangalifu zaidi, kwa sababu yanadanganya. Marejea yetu ina jani la vipande vitatu, virefu na vyembamba. Wengi hukariri hapo: vipande vitatu, ua la manjano, basi marejea. Lakini vipande vitatu vimo pia kwenye maharage, kwenye Desmodium, na kwenye Rhynchosia, ambayo ukigeuza jani lake utaona chini yake vitone vidogo vya manjano vinavyonata. Vimo hata kwenye mimea isiyo ya mikunde kabisa, kama ule mdogo wenye vipande vya umbo la moyo na majani machachu ambayo watoto huyatafuna wakienda shule. Ua lake lina petali tano sawasawa. Kwa upande mwingine, ndani ya ukoo wa Crotalaria wenyewe zimo spishi zisizo na vipande vitatu. Zina jani moja tu kwenye kila kikonyo. Hizo ndizo nitakazozirudia muda si mrefu.

Kuna vipimo viwili vya haraka vya kutenganisha jamaa wengine. Kipande cha jani la utupa ukikishika nchani ukakivuta, hakikatiki ovyo. Kinachanika kwa kufuata mishipa na kuacha umbo la V. Na jani la jamii ya mnili, ukiliweka chini ya lensi, utaona vinyweleo vimelala bapa, kila kimoja kimeshikwa katikati na ncha zake mbili zinaelekea pande mbili. Vinyweleo vya Crotalaria vimeshikwa upande mmoja tu.

Mizizi haisemi ni spishi gani, lakini siwezi kuiacha mbele ya wakulima. Ng'oa mmea kwa jembe, usiuvute kwa mkono, vinginevyo vinundu vitabaki ardhini. Kinundu kata katikati. Kikiwa na rangi ya waridi au wekundu ndani, bakteria wamo kazini wanatengeneza naitrojeni. Kikiwa cheupe au kijani, hakuna kazi inayofanyika humo. Na msichanganye vinundu hivi na uvimbe wa minyoo fundo. Kinundu kimejishikiza ubavuni mwa mzizi na ukikisukuma kwa kidole kinabanduka. Uvimbe wa minyoo fundo ni mzizi wenyewe uliovimba. Hautoki bila kukata mzizi. Nimeona mashamba ya nyanya yakisifiwa kuwa "yana vinundu vizuri". Nyanya haina vinundu.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nikubali mwaliko huu.

Pwani yetu, kuanzia Mtwara na Lindi mpaka Tanga na visiwani, kwenye mchanga na kando ya barabara, inaota Crotalaria retusa. Ni mmea mzuri. Ua lake ni la manjano iliyokolea lenye mistari ya wekundu au zambarau, kubwa kuliko la marejea. Jani lake ni moja, halina vipande, linaanza jembamba kwenye kikonyo, linapanuka kuelekea nchani, na pale nchani lina kibonyeo. Ganda likiiva linakuwa jeusi. Ndugu yake, Crotalaria spectabilis, ambayo asili yake ni Asia, nayo ina jani moja, kubwa zaidi, na chini ya kila ua ina kijijani cha umbo la moyo kisichoanguka hata ua likifunguka. Hizi mbili, mbegu zake hasa, zina sumu inayoitwa monokrotalini, ya kundi la alkaloidi za pairolizidini.

Sumu hii haiui kwa haraka, na ndiyo maana ni ya hatari. Mnyama anakula leo, ananenepa wiki ijayo, halafu ini linaanza kufa kidogo kidogo. Kwa binadamu mishipa midogo ya damu ndani ya ini inaziba, na tumbo linajaa maji. Kuchemsha hakuiondoi kwa uhakika. Kiuasumu chake hakipo. Kwa hiyo kinga yote iko kwenye macho ya mtu anayechuma na anayepepeta.

Sisemi haya kwa kutisha watu. Mwanzoni mwa karne iliyopita wakulima wa kusini mashariki mwa Marekani waliletewa Crotalaria spectabilis kwa nia njema kabisa, ile ile tuliyo nayo sisi na marejea: kurutubisha udongo wa mchanga uliochoka. Ikastawi. Baadaye kuku, nguruwe na ng'ombe wakaanza kufa kwa kula mbegu zilizochanganyika na nafaka, na mmea ukageuka gugu la kupigwa vita. Huko Kimberley, kaskazini magharibi mwa Australia, farasi waliokula Crotalaria walikuwa wakitembea ovyo, wakigonga uzio na miti, kwa sababu ini lililoharibika lilikuwa limeathiri ubongo. Na kati ya 1973 na 1975, katika wilaya ya Sarguja nchini India, wanavijiji walianza kuvimba matumbo. Chanzo kilipatikana kwenye chakula chao: nafaka ya punje ndogo iliyovunwa pamoja na mbegu za Crotalaria iliyoota humo humo shambani. Kati ya wagonjwa 67 walioandikwa, 28 walifariki.

Hao watu hawakula mmea wa ajabu. Walikula nafaka yao wenyewe. Ninyi mnaolima ulezi, nawaomba mfikirie jambo hilo mnapopalilia.

Sasa tugeukie upande wa mboga. Magharibi mwa Kenya, kwa Waluo na Waluhya, majani ya Crotalaria ni chakula cha heshima. Waluo wanaiita mitoo, na sokoni Kisumu utaikuta imefungwa mafungu kando ya mnavu na mgagani. Zipo mbili zinazoliwa. Moja ni huyu huyu marejea wetu, ochroleuca. Majani yake ni ya kijani kibichi cha kung'aa na uchungu wake ni mdogo. Ya pili ni Crotalaria brevidens, yenye majani ya kijani kilichokolea, kama yana bluu kwa mbali, na uchungu ambao walioizoea ndio wanaoutafuta. Wapishi huichanganya na kunde au kuimalizia na maziwa. Mashina ya zote mbili yanafanana, majani ya zote mbili ni ya vipande vitatu, na maua yote yana manjano yenye mishipa ya rangi nyekundu au kahawia. Ukitaka kuzitenganisha subiri ganda. La brevidens ni jembamba, halifiki upana wa sentimeta moja, na limepinda kidogo kwenda juu. La ochroleuca limenenepa, sentimeta moja na nusu hadi mbili.

Mnaona basi kwamba mboga zote mbili zina vipande vitatu, na zile mbili zenye sumu niliyoieleza zina jani moja. Tafadhali msiifanye hiyo kuwa kanuni ya kulia chakula. Zipo Crotalaria nyingi za vipande vitatu ambazo hakuna anayezila, na Crotalaria crispata ya Kimberley siyo ile ya pwani yetu lakini inaua vile vile. Iliyo na jani moja usiile kamwe. Iliyo na vipande vitatu ile tu kama umeitambua mpaka spishi, kwa ua na kwa ganda. Na ikiwa ni mbegu, hata za marejea wa kawaida, mimi siwashauri kuzifanya chakula cha kuku. Majani yana historia ndefu mezani, mbegu hazina.

Kuna dalili moja zaidi ambayo naipenda sana, ingawa si ya kutegemewa peke yake. Mkikuta kwenye maganda kiwavi cheusi chenye alama nyeupe na za rangi ya chungwa, kiacheni mkitazame. Mama yake ni nondo mdogo mweupe mwenye madoa mekundu na meusi. Kiwavi huyo anakula mbegu za Crotalaria pamoja na sumu yake, anaihifadhi mwilini, na ndege wakimwonja wanamtema. Vipepeo fulani wa rangi ya chungwa nao, madume, hukusanyika kwenye matawi ya Crotalaria yaliyokatwa na kuanza kukauka, wakafyonza alkaloidi hizo hizo na kuzitumia kutengeneza harufu ya kuvutia majike. Ukikuta vipepeo wamerundikana kwenye tawi kavu lisilo na ua hata moja, tawi hilo lina kemia ndani yake.

Wanafunzi mmenisikiliza kwa heshima huku simu zikiwa mfukoni. Zitoeni, zina kazi. Programu za kutambua mimea kwa picha husaidia kufika kwenye ukoo, na mara nyingi hukomea hapo, kwa sababu mtu amepiga ua tu kutoka mbali. Piga jani upande wa juu na upande wa chini. Piga ua kutoka ubavuni ili mdomo wa mtumbwi uonekane, kisha kutoka mbele. Piga ganda bichi na ganda kavu kando ya rula au sarafu. Piga mmea mzima pamoja na mahali ulipoota. Picha hizo zote ni za mmea mmoja. Usichanganye na wa jirani yake.

Picha hata hivyo haifunguliwi kwa wembe. Kwa mmea wa mashaka, hasa ule ambao watu wanataka kuula au kuuza mbegu zake, kausha tawi. Liwe na majani, maua na maganda. Litandaze ndani ya gazeti, weka uzito juu, ubadilishe gazeti kila siku mpaka likauke, vinginevyo litaota ukungu. Andika karatasi ya kuambatana nalo: tarehe, kijiji, aina ya udongo, urefu wa mmea, na rangi ya ua likiwa bichi, kwa maana manjano hufifia. Andika jina ambalo watu wa hapo wanautumia na wanaufanyia nini. Hebaria ya taifa, yaani ghala la kuhifadhi mimea iliyokaushwa, ipo Arusha, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ya kwake, na ile ya Afrika Mashariki iliyopo Nairobi ilizaliwa hapa hapa Tanzania, Amani, mwaka 1902, kabla ya kuhamishwa mwaka 1950. Humo ndimo wataalamu wa mimea Gillett, Polhill na Verdcourt walimopata sehemu kubwa ya ushahidi wa kazi yao ya mikunde ya kanda yetu iliyochapishwa mwaka 1971. Nyuma ya kila tawi kuna mtu aliyetembea, akakata, akabadilisha magazeti. Ningependa matawi zaidi yatoke Ruvuma.

Niliulizwa maswali mawili ambayo nayaandika hapa kwa faida ya waliochelewa.

La kwanza lilitoka kwa mzee mmoja anayenunua mbegu za mbolea ya kijani madukani. Kuna nyingine zinauzwa zikiwa Crotalaria juncea, mmea wa nyuzi kutoka India. Je, ni marejea? Nilimjibu kwamba ni ndugu tu. Ina jani moja jembamba lenye manyoya laini, na ganda lenye manyoya. Inarutubisha udongo vizuri na inapunguza minyoo fundo, lakini si mboga. Aliyeipanda awaambie nyumbani wasiichume, na mbegu zake asiziweke gunia moja na nafaka.

La pili liliulizwa na mama mmoja kutoka Mbinga: mche ukiwa mdogo, haujatoa ua, anaruhusiwa kuchuma? Nikamwambia, mama, kama mbegu ulivuna mwenyewe kwenye mmea uliokwisha kuutambua, na ukazipanda kwenye tuta lako, chuma. Kama umeota wenyewe kando ya njia, usichume. Chomeka kijiti pembeni yake, uuache mpaka utoe ua na ganda, uvune mbegu zake ukishajua ni nani, na msimu ujao upande tuta.